Kadhia ya Gianni Rivera

Kwa muda wa karibu miaka ishirini, tangu mwanzo wa miaka ya sitini hata ukingoni mwa miaka ya sabini, watu wa Italia waliofuata habari za kandanda waligawanyika makundi mawili kwa ajili ya mtu mmoja mwembamba wa maungo, mpole wa sauti, mwenye nywele zilizochanwa kwa uangalifu na mwendo usio na haraka, ambaye hata pale mchezo ulipopamba moto alionekana kama aliyekuja uwanjani kutafakari jambo lake. Kundi la kwanza lilishika kwamba Gianni Rivera, kiungo wa klabu ya Milan, alikuwa ndiye mchezaji mwenye akili kuliko wote waliopata kuzaliwa katika nchi ile. Kundi la pili likashika, kwa ukali uleule, kwamba yeye ni pambo tu, kwamba hakimbii, hakabi, hapigi vikumbo, na kwamba kila anachokiacha yeye wenzake hulazimika kukitenda kwa jasho lao. Mimi niandikaye sura hii nimekwisha kuchagua upande zamani, wala sioni haya kulisema mapema: naamini kwamba kuona kabla ya wengine ni kazi, tena ni kazi nzito kuliko kukimbia, na kwamba Rivera alihukumiwa muda mrefu na watu waliopima juhudi kwa kuhesabu hatua za miguu, wakaisahau hesabu iliyokuwa ikipigwa kichwani.

Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1943 huko Alessandria, katika jimbo la Piemonte, kaskazini ya Italia, siku ambazo nchi yake ilikuwa imechoshwa na vita na Mussolini amekwisha kuangushwa wiki chache kabla. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na haikuwa ajabu, kwa maana Alessandria ni mji wa makutano ya reli, uliokaa kati ya Torino, Milano na Genova. Lakini mji huo ulikuwa pia na sifa nyingine, ya kulea viungo, na ndiko alikozaliwa Giovanni Ferrari, mmoja wa wale walioitwalia Italia Kombe la Dunia mwaka 1934 na tena mwaka 1938. Tarehe 2 Juni 1959 kijana Rivera, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka kumi na sita, alivaa jezi ya Alessandria katika ligi ya daraja la kwanza dhidi ya Inter, mchezo ukaisha sare ya 1-1. Msimu uliofuata alicheza mechi 26 na kufunga mabao 6, na ingawa timu yake ilishuka daraja, yeye alikuwa amekwisha kuonekana, na klabu ya Milan, iliyokuwa ikimpoteza Juan Schiaffino, yule bingwa wa dunia wa Uruguay wa mwaka 1950, ilimchukua akiwa mtoto ili amrithi mtu mzima.

Mwaka huohuo wa 1960 mji wa Roma ulikuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki, na Rivera alikuwamo katika timu ya Italia iliyofika nusu fainali, ikatoka sare ya 1-1 na Yugoslavia mjini Napoli baada ya muda wa nyongeza, na kwa kuwa zama hizo hapakuwapo mikwaju ya penalti ya kukata shauri, ikatolewa kwa kura. Msomaji na aikumbuke bahati mbaya ile ya Napoli, maana mji ule ulikuwa bado haujamalizana naye.

Alipofika Milan alikuta klabu yenye fedha na kiu ya utukufu, na mwaka mmoja baadaye, 1961, akaja mwalimu ambaye maisha yake yote ya kandanda yangefungamana na yake. Nereo Rocco alikuwa mtu wa Trieste, mnene wa mwili, mkali wa ulimi, mpenda chakula na maskani, aliyesema lahaja ya kwao hata mbele ya matajiri wa Milano, na watu wakamwita Paron, yaani Bwana Mkubwa. Alikuwa imamu wa ule mtindo wa Kiitalia uliojulikana kwa jina la catenaccio, ambao beki mmoja huwekwa nyuma ya mabeki wenzake ili kuokota kila kilichowaponyoka, na timu nzima hukaa kwa subira ikimngoja hasimu ajichoshe mwenyewe. Basi mtu angedhani kwamba mwalimu wa namna hii ndiye angekuwa wa kwanza kumfukuza mchezaji asiyekaba. Kumbe mambo yalikuwa kinyume, na hapa ndipo kadhia hii inapotaka kufahamiwa kwa makini, kwa sababu wengi waliobishana juu yake hawakupata kuufikia mzizi wake.

Timu inayojilinda nyuma hupata mpira karibu na lango lake, na pale inapoupata, hasimu amekwisha kutoka kwake, ameacha uwanja mtupu mgongoni mwake, lakini utupu huo hudumu kwa pumzi mbili tatu tu, kisha hujazwa. Mchezaji anayepokea mpira, akainua kichwa kutazama, akafikiri, kisha akapiga, amekwisha kuchelewa. Anayefaa ni yule aliyekwisha kutazama kabla ya mpira kumfikia, ambaye anajua kwamba mshambuliaji wake wa kushoto amekwisha kuanza kukimbia na kwamba beki anayemlinda amegeuza bega upande usiofaa. Rivera alikuwa na basira hiyo. Aliupokea mpira kwa mguu wa kulia au wa kushoto, ilikuwa sawa kwake, na kwa mguso mmoja au miwili akautuma mita arobaini, ukatua si pale alipokuwapo mwenzake bali pale atakapokuwapo. Ulinzi wa Rocco bila ya Rivera ungekuwa ngome isiyo na mlango wa kutokea. Na kwa kuwa Rocco alilijua hilo, alimwekea pembeni yake mtu wa kukimbia, Giovanni Lodetti, kiungo mwenye mapafu yasiyochoka, ambaye kwa miaka mingi alikaba kwa ajili ya wawili na akaona fahari kufanya hivyo. Katika jahazi rubani havuti kamba wala hateki maji ya ngama, hukaa akiyasoma maji na kukielekeza chombo, na hakuna baharia mwenye akili amwitaye mvivu.

Matunda hayakukawia. Mwaka 1962 Milan ikatwaa ubingwa wa Italia, na mwaka uliofuata, tarehe 22 Mei 1963, ikaingia uwanja wa Wembley, London, kucheza fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya dhidi ya Benfica ya Ureno, iliyokuwa imelishika kombe hilo miaka miwili mfululizo. Katika Benfica walikuwamo wawili waliozaliwa Msumbiji, kwenye pwani ya bahari yetu hii ya Hindi, Mário Coluna nahodha na Eusébio, kijana wa umri wa miaka ishirini na moja, ambaye aliwatoka mabeki wa Milan katika dakika ya 19 na kufunga bao la kwanza kwa kasi ambayo Waitalia walikuwa hawajaizoea. Mimi husoma habari za mchezo ule kwa moyo uliogawanyika, kwa sababu Coluna aliumizwa vibaya kipindi cha pili, akabaki uwanjani hali hajiwezi, na kwa kuwa sheria haikuruhusu mbadala, Benfica ikawa kama imepungukiwa. Lakini insafu yataka kusemwa pia kwamba Rivera, asiyetimiza bado miaka ishirini, ndiye aliyezikata njia zilizompeleka José Altafini langoni, na Altafini akafunga mara mbili katika kipindi cha pili, na hivyo klabu ya Italia ikalitwaa Kombe la Mabingwa kwa mara ya kwanza. Mwaka ule, katika kura za waandishi wa Ulaya za Mpira wa Dhahabu, Rivera aliwekwa wa pili, nyuma ya mlinda mlango wa Kisovieti, Lev Yashin.

Ilivyo ada, sifa zilimzalia wapinzani, na mkuu wao alikuwa mwandishi Gianni Brera, ambaye hapana shaka alikuwa fundi wa kalamu kuliko wote walioandika habari za michezo katika Italia ya wakati ule. Brera ndiye aliyembandika Rivera lakabu ya Abatino, kasisi mdogo, akikusudia kijana mzuri wa adabu na nguo, mlaini wa mikono, asiye na nguvu za kazi ya shamba. Hakuwa na uadui wa nafsi. Alikuwa na itikadi. Aliamini kwamba Waitalia, kwa umaskini wa vizazi vingi na lishe haba, ni watu dhaifu wa miili kuliko watu wa kaskazini, na kwamba njia yao pekee ya kushinda ni kujilinda, kuvumilia na kushambulia kwa kushtukiza. Na katika itikadi hiyo mchezaji asiyekaba ni anasa ambayo taifa maskini haliwezi kuigharimia. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini jambo ambalo Brera, pamoja na elimu yake yote, hakulikubali ni kwamba Rocco, rafiki yake wa mezani, aliyekuwa na itikadi ileile ya ulinzi, alikuwa amekwisha kuthibitisha kwa makombe kwamba ulinzi na Abatino huenda pamoja.

Ama timu ya taifa ilimtendea Rivera kwa namna nyingine. Alicheza Kombe la Dunia la Chile mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, na lile la Uingereza mwaka 1966, ambako tarehe 19 Julai, mjini Middlesbrough, Italia ilifungwa 1-0 na Korea ya Kaskazini, aibu ambayo vizazi vya Waitalia vimeisimulia kwa uchungu, na wachezaji waliporejea nyumbani walipokewa kwa nyanya mbovu. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1968, katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, Rivera alirudi Napoli, mji uleule wa mwaka 1960. Aliumia mapema katika mchezo ule dhidi ya Umoja wa Kisovieti, na kwa kuwa hapakuwapo ruhusa ya kubadilisha, Italia ikajikongoja hata mwisho wa dakika 120 bila ya bao, kisha manahodha wakaingia ndani na mwamuzi, sarafu ikarushwa, Giacinto Facchetti akachagua upande, na safari hii bahati ikawaangukia Waitalia. Siku chache baadaye wakawa mabingwa wa Ulaya kwa kuishinda Yugoslavia 2-0 katika mchezo wa marudio mjini Roma, lakini Rivera, kwa jeraha lake, hakuwamo uwanjani.

Mwaka huohuo wa 1968, kwa upande wa klabu, ulikuwa wa neema: ubingwa wa Italia, na Kombe la Washindi barani Ulaya kwa kuifunga Hamburg 2-0 mjini Rotterdam. Mwaka 1969 ukaupita. Milan iliwatoa Manchester United, waliokuwa mabingwa, kisha tarehe 28 Mei mjini Madrid ikaifunga Ajax ya kijana Johan Cruyff mabao 4-1, matatu ya Pierino Prati na moja la Angelo Sormani, na Rivera, nahodha, ndiye aliyekuwa mpishi wa karamu ile. Mwezi wa Oktoba ikaja michezo miwili dhidi ya Estudiantes ya Argentina, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Milan ilishinda nyumbani 3-0, na katika mchezo wa pili, mjini Buenos Aires, walipokewa kwa ngumi na viwiko zaidi ya kandanda. Néstor Combin, mshambuliaji wa Milan aliyezaliwa Argentina, alivunjwa uso, na akiwa bado anatokwa na damu akakamatwa na askari kwa tuhuma ya kukwepa utumishi wa jeshi. Baadaye wachezaji watatu wa Estudiantes nao wakatiwa kizuizini. Katika rabsha ile Rivera, yule aliyeambiwa ni mlaini, alimzunguka mlinda mlango na kufunga bao lililolihakikisha kombe. Desemba ile akapewa Mpira wa Dhahabu kwa pointi 83 dhidi ya 79 za Gigi Riva, mwenzake wa timu ya taifa, na akawa Mwitalia wa kuzaliwa wa kwanza kuupata, kwa kuwa Omar Sívori aliyeupata mwaka 1961 alikuwa Mwargentina aliyepewa uraia.

Mtu aliye bora kuliko wote barani Ulaya, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, angetarajiwa kwenda Mexico mwaka 1970 kama nguzo ya timu yake. Haikuwa hivyo, na nitaieleza habari hii kwa urefu, kwa maana ndiyo moyo wa sura.

Kocha Ferruccio Valcareggi alikuwa mtu mwema na mwangalifu, naye alikuwa na wachezaji wawili wa nafasi moja. Wa pili alikuwa Sandro Mazzola wa Inter, mtoto wa Valentino Mazzola, nahodha wa Torino aliyefariki na timu yake nzima katika ajali ya ndege ya Superga mwaka 1949. Sandro alikuwa mwepesi, mkimbiaji, mwenye chenga za karibu, na zaidi ya yote alikuwa akikaba. Kabla mashindano hayajaanza mshambuliaji Pietro Anastasi alipata udhuru wa afya akaondolewa, wakaitwa wawili badala yake, Roberto Boninsegna na Prati, na ili hesabu ya wachezaji 22 itimie ikabidi mmoja mwingine aondoke; aliyeondolewa alikuwa Lodetti, yuleyule aliyekimbia kwa ajili ya Rivera miaka yote ile. Rivera akalichukulia kama dhulma kwa mwenzake na ishara kwake mwenyewe. Alipoambiwa kwamba hatakuwamo katika kumi na mmoja wa kwanza, akasema hadharani aliyokuwa nayo moyoni dhidi ya viongozi wa msafara, akataka kurudi nyumbani, na Rocco ikambidi avuke bahari kutoka Italia kuja kumtuliza kama baba amtulizavyo mwana.

Hapo Valcareggi akabuni suluhu ambayo mwaka mmoja kabla isingewezekana kabisa. Kombe la Dunia la 1970 lilikuwa la kwanza ambamo sheria iliruhusu kubadilisha wachezaji, wawili kwa kila timu, na Mexico ilikuwa nchi ya jua la adhuhuri na hewa nyembamba, mji mkuu wake ukiwa zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na Toluca juu zaidi, ambako mchezaji mzima wa afya hutweta kwa mbio za dakika tano. Basi kocha akaamua wapokezane kijiti: Mazzola acheze kipindi cha kwanza, Rivera cha pili. Katika robo fainali mjini Toluca dhidi ya wenyeji, mapumziko yalifika kwa sare ya 1-1. Rivera akaingia, na katika kipindi kile kimoja Riva alifunga mawili na Rivera mwenyewe moja, Italia ikashinda 4-1. Watu wakasema kocha amepata dawa. Mimi nasema alipata nusu ya dawa, maana mchezo ule ulionyesha yale Rivera aliyoweza kuyafanya miguu ya hasimu ilipochoka, ukaacha bila ya jibu swali la yale ambayo angeyafanya tangu mwanzo.

Tarehe 17 Juni, katika uwanja wa Azteca, mbele ya watu zaidi ya laki moja, Italia ilikutana na Ujerumani Magharibi katika nusu fainali. Boninsegna alifunga dakika ya nane, na Italia ikakaa nyuma kulilinda bao lake kwa saa nzima na nusu, hata dakika ya mwisho kabisa Karl-Heinz Schnellinger, beki aliyekuwa mwenzake Rivera katika Milan, akasawazisha kwa bao ambalo lilikuwa la pekee katika maisha yake yote ya timu ya taifa. Yaliyofuata katika muda wa nyongeza hayajapata kurudiwa katika mashindano yale. Franz Beckenbauer akicheza na mkono uliofungwa kifuani kwa kuteguka bega, Gerd Müller akafunga, Tarcisio Burgnich akasawazisha, Riva akaipeleka Italia mbele, na katika dakika ya 110 Müller akaugonga tena kwa kichwa mpira uliopita kati ya nguzo na mtu aliyesimama kuilinda. Mtu huyo alikuwa Rivera. Mlinda mlango Enrico Albertosi akamgeukia kwa ghadhabu, na yote aliyokuwa akituhumiwa kwa miaka kumi, kwamba hajui kulinda, kwamba akili yake haimo katika taabu za nyuma, yakawa yamethibitishwa mbele ya macho ya dunia.

Italia ikaanzisha mpira katikati, ukapita kutoka mguu hata mguu bila ya Mjerumani kuugusa, Facchetti akampa Boninsegna upande wa kushoto, Boninsegna akamshinda beki wake akaurudisha nyuma kuelekea eneo la penalti, na pale, peke yake, akatokea Rivera. Sepp Maier alikuwa amekwisha kuelemea upande mmoja. Rivera akauweka kwa upande wa ndani wa mguu wa kulia, pole, upande ule mwingine. Ilikuwa dakika ya 111. Tangu kosa hata kafara yake haikupita hata dakika mbili. Wapo wanaoliona bao lile kuwa la bahati ya mtu aliyekuwa na hasira, lakini mimi nimelitazama mara nyingi, na ninachokiona ni mtu aliyechoka kama wote waliokuwapo pale, katika hewa ileile iliyowanyima wenzake pumzi, ambaye alibaki na uwezo wa kuona upande ambao mlinda mlango ameuacha. Nje ya uwanja wa Azteca lipo bamba lililowekwa kuadhimisha mchezo ule, likiwataja Waitalia na Wajerumani pamoja.

Siku nne baadaye ilikuwa fainali dhidi ya Brazili. Pelé alifunga, Boninsegna akasawazisha, na mapumziko yakafika kwa 1-1. Kijiti kilikuwa kimekwisha kupokezanwa katika robo fainali na nusu fainali, na kila Mwitalia alingoja kumwona Rivera akitoka chumbani, lakini hakutoka. Gérson akafunga dakika ya 66, Jairzinho dakika ya 71, Valcareggi akamwingiza kiungo mwingine, Antonio Juliano, na Rivera akaendelea kukaa. Aliitwa dakika ya 84, badala ya Boninsegna, mchezo ukiwa umekwisha kupotea, na kabla haijapulizwa filimbi ya mwisho Carlos Alberto akaongeza la nne. Nataka kumtendea Valcareggi uadilifu: Mazzola alikuwa akicheza vizuri siku ile, wachezaji wote walikuwa wamekimbia dakika 120 siku nne kabla, na Brazili ile huenda ingemshinda yeyote. Lakini kumwita bingwa wa Ulaya kwa dakika sita, pale ambapo hapana tena la kufanya, ni jambo ambalo sijapata kuliona hoja ya kulitetea. Kama hafai, asiitwe. Kama anafaa, aitwe wakati wa kufaa. Watu wa Roma waliwaza hivyohivyo, maana timu iliyokwenda kupata nafasi ya pili duniani ilipotua ilikuta umati wenye ghadhabu, na ghadhabu hiyo ilikuwa juu ya zile dakika sita.

Wengi walidhani kwamba Rivera na Mazzola ni mahasimu wasioweza kukaa chumba kimoja. Hakika ni kwamba miaka miwili kabla ya Mexico, tarehe 3 Julai 1968, wawili hao walikuwa miongoni mwa wachezaji waliokutana mjini Milano pamoja na wakili Sergio Campana, aliyekuwa mchezaji, kuunda chama cha kutetea haki za wachezaji wa Italia. Wakati ule mchezaji alikuwa kama mali ya klabu yake: mkataba ukiisha alibaki amefungwa, akauzwa na kubadilishwa bila ya kauli yake, na kifungo hicho hakikuondolewa kwa sheria mpaka mwaka 1981. Rivera alikuwa ameshiba na asingepungukiwa kitu kwa kunyamaza, akachagua kusema. Tabia hiyo ilimgharimu. Mwaka 1972 aliwashutumu hadharani waamuzi na wakuu wao kwamba Milan inaonewa, akafungiwa kwa miezi kadhaa. Msimu uliofuata akafunga mabao 17, akiwa sawa na Pulici wa Torino na Savoldi wa Bologna katika kilele cha wafungaji, jambo la nadra kwa kiungo. Na tarehe 16 Mei 1973 Milan ikaifunga Leeds 1-0 mjini Thessaloniki, ikalichukua tena Kombe la Washindi. Siku nne baadaye, ikihitaji ushindi tu ili iwe bingwa wa Italia, ikaenda Verona kwa miguu iliyokwisha, ikafungwa 5-3, na ubingwa ukaenda Juventus kwa tofauti ya pointi moja. Kombe la Dunia la 1974, la nne kwake, lilikuwa fupi: alifunga dhidi ya Haiti, akawekwa nje katika mchezo dhidi ya Poland, Italia ikatolewa, na hesabu yake katika timu ya taifa ikafungwa kwa michezo 60 na mabao 14.

Mwaka 1975 rais wa Milan, Albino Buticchi, alitaka kumbadilisha na Claudio Sala wa Torino. Rivera, aliyekuwa amemaliza miaka kumi na mitano katika jezi ile, hakukubali kuuzwa. Akatafuta wenye mali, akisaidiwa na kasisi wa Kifransisko aliyekuwa rafiki yake, Padre Eligio, hata Buticchi akaondoka na mchezaji akabaki. Palizuka maneno mengi juu ya mchezaji anayempindua bwana wake, na mengine yalikuwa na haki, kwa sababu timu inayogawanyika kati ya ofisi na chumba cha kubadilishia nguo haipati utulivu, na Milan ilipita miaka michache ya dhiki. Hata hivyo naona fahari katika kisa kile: baada ya vizazi vya wachezaji waliohamishwa kama shehena, mmoja alisimama akasema haendi.

Msimu wake wa mwisho ulikuwa wa 1978 hadi 1979, chini ya Nils Liedholm, Mswidi mtulivu aliyekuwa kiungo wa Milan kabla yake. Rivera hakucheza sana. Nyuma yake alikuwapo kijana wa miaka kumi na minane, Franco Baresi, aliyekuwa akianza safari ndefu. Mwezi Februari Rocco alifariki huko Trieste, bila ya kuuona ubingwa uliokuwa ukikaribia. Tarehe 6 Mei 1979, Milan ikihitaji pointi moja dhidi ya Bologna ili itwae ubingwa wake wa kumi, ambao huipa klabu haki ya kuvaa nyota kifuani, watu waliofurika uwanja wa San Siro walijaa hata sehemu ya jukwaa la juu iliyofungwa kwa kuwa haikuwa salama, na wenye mamlaka wakazuia mchezo usianze. Askari walishindwa kuwaondoa. Rivera akashika kipaza sauti, akawasemesha kwa sauti yake ileile isiyopanda, akawaomba wahame, nao wakahama. Mchezo ukachezwa, ukaisha 0-0, na ubingwa ukapatikana. Kwa mtu ambaye alishutumiwa kwa kutokimbia, nalihesabu tendo lile kuwa sawa na bao lake lolote; watu maelfu walimtii kwa sababu kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamemwona akisema analoliamini. Aliacha mpira na rekodi ya michezo 658 na mabao 164 kwa Milan peke yake.

Baada ya hapo alikuwa makamu wa rais wa klabu mpaka Silvio Berlusconi alipoinunua mwaka 1986, kisha akaingia katika siasa: mbunge tangu mwaka 1987 kwa tiketi ya chama cha Demokrasia ya Kikristo, naibu katika Wizara ya Ulinzi kati ya 1996 na 2001, na mjumbe wa Bunge la Ulaya tangu 2005 hadi 2009. Kazi hizo alizifanya kwa utulivu, na wanasiasa wataziandika wao. Lenye kunivutia zaidi ni kwamba mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, alihudhuria masomo ya shirikisho la mpira wa Italia huko Coverciano, karibu na Firenze, akakaa darasani na watu ambao wangeweza kuwa wajukuu wake, akapata cheti cha ukocha, akatangaza kwamba yu tayari kufundisha timu.